Kambale Asiye na Kaka

Mwezi uliopita nilikwenda Beni kwenye harusi ya binti wa Zaituna, na kabla sijakaa vizuri kwenye kiti cha plastiki nilichopewa, Zaituna alinishika mkono akanivuta hadi kwa wakwe zake wapya. Walikuwa wamejipanga kwenye sofa, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na sahani ya pilau magotini. "Bakwe zangu, muangalie huyu mama vizuri," akawaambia. "Huyu njo mwandikaji wa bitabu nilibaambia. Njo yeye alipotezaka mutu muzima mu kitabu yake, na hakuona hata." Wakwe wakacheka kwa adabu, kisha walipoelezwa zaidi wakacheka bila adabu. Nimeandika vitabu kadhaa tangu siku zile, vingine vinasomwa hadi Bunia, lakini mbele ya Zaituna nitabaki kuwa yule msichana aliyepoteza mtu. Nilikula pilau yangu huku mwaka ule wote ukinirudia, nami nimeona heri niuandike mwenyewe kabla Zaituna hajautia chumvi zaidi.

Mwaka ule tulikaa chumba kimoja Butembo, nyuma ya sekretaria yake. Sekretaria kwetu ni duka la kuchapia karatasi: watu wanakuja na barua ya kuomba kazi, mwaliko wa harusi, hotuba ya mazishi, wewe unawaandikia kwa kompyuta na kuwatolea nakala. Baba yake, mwenye malori Beni, ndiye aliyemfungulia, na mimi, mwalimu wa shule ya msingi ya parokia, nilikuwa nimetafuta chumba muda mrefu. Mbele kulikuwa na meza, kompyuta, mashine ya fotokopi na jenereta iliyokohoa mlangoni. Nyuma, nyuma ya pazia la maua, vitanda vyetu viwili na mbabula ya makaa. Butembo ni baridi asubuhi, ukungu unaingia hadi kwenye sufuria. Yeye alitandika mkeka wake akasali, mimi nilishika rozari yangu, na yule aliyemaliza kwanza alikuwa na kazi ya kuwasha moto, kwa hiyo nakiri kwamba kuna siku sala zetu zilikuwa ndefu kuliko imani yetu. Tulikula obundu, ugali wetu wa muhogo, na maharage, sombe, yaani kisamvu, ikipatikana, na samaki wa ziwa pale lori la baba yake lilipopita. Alilalamika kwamba watu wa Butembo wanakula kama watu wanaokimbilia depo, ghala zao za bidhaa, na alikuwa na haki.

Jioni, baada ya kusahihisha daftari za watoto, niliandika riwaya. Nilikuwa nimewasikia wanawake wazee, wakimenya maharage, wakizungumza juu ya Wakristo wa kwanza wa milima yetu, wale walioteremka kwa miguu kwenda kutafuta misheni wakati nyumbani wanaitwa wenye wazimu. Shuleni tulifundishwa wafalme wa mbali na vita vyao, lakini hawa wetu walikuwa majina tu, watu wasio na njaa, wasio na ugomvi na mama zao. Mimi nilitaka kitu kimoja, na nakisema wazi kwa sababu mwaka mzima ulizunguka juu yake: nilitaka mtu wa milima hii afungue kitabu changu, asome, aseme, hawa ni watu wetu, huyu hakudanganya. Nilikuwa msichana wa mjini mwenye viatu vyeupe, na niliogopa sana kwamba hawataniamini.

Riwaya yangu ilikuwa na ndugu wawili, Paluku na Kambale. Kwetu mama hachagui jina akitazama angani. Mtoto anakuja na jina lake kwa foleni. Mvulana wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili ni Kambale, wa tatu Kasereka, na hivyo hivyo. Mimi mwenyewe ni Kahindo, maana yake nilikuja msichana baada ya wavulana, na yeyote atakayeniita barabarani anajua hilo kabla hajaniona uso. Kambale wangu alikuwa katekista, ndiye aliyeteremka kwenda misheni. Paluku, kaka yake, alikataa ubatizo. Alibaki na mbuzi, na mama yao, na kaburi la baba. Nilimweka humo ili Kambale awe na mtu wa kumwacha, basi, lakini alikua mikononi mwangu hadi akawa ananifuata darasani.

Zaituna alinichapia kurasa zile saa ambazo wateja hawapo, na hakuna mhariri aliyenitesa kama yeye tangu siku hizo. Alichapa huku akigombana na watu wangu kwa sauti. "Huyu katekista yako iko na kichwa nguvu," alisema bila kugeuka. "Anaacha mama mugonjwa, anaenda kuimba. Bon. Mais Paluku, huyu njo mwanaume. Kama angekuwa mutu wa kweli, ningemuambia baba yangu amuulize kama iko na bibi." Nikamkumbusha kwamba Paluku hana dini yoyote. "Tungemufundisha," akajibu. Wateja waliingia kutaka fotokopi wakakuta tunabishana juu ya mbuzi wa Paluku, wakadhani ni kesi ya kweli, na mama mmoja akatushauri tupeleke kwa mkuu wa kata.

Kitabu kilipokwisha, nilitafuta nyumba ya kukichapisha. Moja ilinijibu kwa upole kwamba riwaya za Kiswahili zenye katekista ndani hazina soko; nyingine hazikujibu, nami nikazifikiria kuwa zina kazi nyingi. Zaituna ndiye aliyesema tukitoe wenyewe. Malori ya baba yake yalivuka mpaka wa Kasindi kila mara kwenda Kampala, na Kampala kuna wachapaji wanaochapa chochote, kalenda za makanisa, maboksi ya sabuni, hata riwaya. Mshahara wangu, mbuzi niliopewa na mjomba, na maharage ya akina mama wa kikundi chetu cha sala, vyote vikaingia humo. Kuchapa, basi, kuliwezekana. Kuuza ndiko kulikuwa tatizo. Butembo watu wanauza bati, pikipiki, vitenge, na hawana subira na mtu anayeuza hadithi. Mahali pekee ambapo watu wetu wanasimama bila haraka ni nje ya kanisa baada ya misa. Ili usimame pale na meza, padri lazima akutangaze, na ili akutangaze lazima awe amesoma.

Padri Anselme alikuwa paroko wetu, mtu mnene mwenye kicheko kizuri, na alisoma kitabu changu chote, jambo ambalo wengi waliokisifu baadaye hawakulifanya. Alinipokea sebuleni kwake kwa chai na mkate, karatasi zangu zikiwa magotini pake. "Kahindo, ma fille, umeandika muzuri," akasema. "Nililia kwenye ile fasi ya mutoni. Mais huyu Paluku." Nikauliza amekosa nini. "Anakataa batisimu, hapana? Na hakuna kitu inamufikia. Hagonjwe, hafilisike, mbuzi zake zinazala. Tena anapendeza kuliko katekista. Donc, mutu atasoma, atafunga kitabu, atasema, mimi pia nitafuga mbuzi." Nilicheka, naye akacheka, lakini hakubadili neno. Kitabu cha kutangazwa altareni, alisema, kinafaa kujenga imani. Nimtoe Paluku, na jumapili ileile vitabu vitakapofika atanitangaza misa zote.

Siwezi kumsema vibaya. Alikuwa na kundi la kulinda, na mimi nilikuwa na meza ya kutafuta. Nilirudi nyumbani nikala maharage yaliyopoa, kisha nikamwambia Zaituna. Aliondoa mikono kwenye kompyuta kama mtu aliyeguswa na umeme. "Mimi sitamutoa. Keti wewe, ufute na kidole yako." Nikakaa. Nilifuta sura nzima ya Paluku, kisha nikapita kurasa zote nikimchomoa hapa neno, pale sentensi, na mahali ambapo palikuwa na ndugu wawili nikaacha mmoja. Mwanzo kabisa wa kitabu, palipoandikwa kwamba Kambale alizaliwa baada ya kaka yake, niliandika kwamba alikuwa mzaliwa wa kwanza wa mama yake, kifungua mimba. Nilisoma tena nikaona mshono hauonekani, nikajisifu. Zaituna hakutaka kusoma. Alikuwa amenuna, na alinuna siku nyingi.

Vitabu vilifika Beni kabla ya kufika Butembo, kwa hiyo nilikwenda kuvipokea nyumbani kwa baba yake Zaituna, Hadji, kama alivyoitwa na kila mtu. Beni ni joto ukilinganisha na kwetu. Nilivua sweta kwenye pikipiki. Maboksi yalishushwa uani katikati ya madumu ya mawese na magunia ya kakao, na Hadji akakata kamba ya la kwanza kwa kisu chake mwenyewe. Sijui nieleze vipi. Jina langu lilikuwa juu ya karatasi ngumu, na chini yake mlima wa kijani ambao mchapaji aliuchora bila kuuona. Nilikinusa. Nilikaa juu ya gunia nikalia, na wake wa nyumba ile wakaniletea maji ya kunawa na sahani ya wali. Hadji alikipima kitabu mkononi, akakigeuza, hakukifungua. "Iko na uzito," akasema. "Kintu yenye kuwa na uzito, batu banainunua." Nimesifiwa na wasomi tangu wakati ule, na bado sifa ile naipenda zaidi.

Jumapili Padri alitimiza ahadi. Alinisimamisha mbele ya watu, akasema binti yetu ameandika habari za mababu zetu katika imani, wakanipigia makofi, nami nikatoka mbio kwenda kwenye meza yangu. Wa kwanza alikuwa mama mmoja muuza avoka, niliyemjua kwa sura. Alilipa, akafungua palepale akiwa amesimama, akasoma mistari michache midomo ikitembea. Kisha akarudi nyuma akasoma tena.

"Mwalimu," akaniuliza, "na Paluku iko wapi?"

Nilidhani ameota ndoto zangu. "Paluku gani, mama?"

"Huyu ni Kambale. Umeandika njo wa kwanza wa mama yake. Kambale hawezi kuwa wa kwanza. Wa kwanza ni Paluku. Alikufa?"

Nilifungua mdomo, na hapo ndipo nilipoona. Nilikuwa nimekaa na Paluku muda mrefu mno. Hata baada ya kumfuta, kwangu alikuwa bado amesimama pale nyuma ya Kambale, akimpa nafasi yake ya pili, kwa hiyo jina halikunigonga sikio. Mimi Kahindo, ambaye jina langu ni foleni, nilikuwa nimechapisha Kambale asiye na kaka, boksi kwa boksi. Kabla sijajibu, mwanamke mwingine alichungulia juu ya bega la yule wa kwanza akatoa maelezo yake: "Kama Kambale ni wa kwanza mu hii nyumba, Paluku alizaliwa mu nyumba ingine. Mama ya katekista alizala mbele ya ndoa." Wakatazamana. Habari ilitembea kwenye ule uwanja haraka kuliko matangazo ya Padri, na kabla ya misa ya pili kutoka, mwanamke safi niliyemtunga kwa machozi, mwenye kufunga na kusali, alikuwa na mtoto wa nje ya ndoa aliyefichwa upande wa Manguredjipa, kwenye machimbo ya dhahabu.

Wiki zilizofuata nilikuwa kichekesho cha mji. Waendesha pikipiki waliniuliza kama Paluku ameonekana. Walimu wenzangu walisema labda anachimba dhahabu, atarudi tajiri. Wengine waliniletea ushauri wa kweli: nichukue kalamu ya bic nimwandike Paluku juu ya kila Kambale, au nisali tu. Wachache walirudisha vitabu, na hao ndio walioniuma, kwa sababu hawakuwa na hasira. Baba mmoja alikiweka mezani kwangu kwa mikono miwili, kwa heshima, akasema, "Unaandika muzuri, mwanangu, mais hukukulia huku kwetu." Niliingia nyuma ya pazia nikalala na viatu. Kitu kile kimoja nilichokitaka kilikuwa kimevunjika kwenye ukurasa wa kwanza, na nilikivunja kwa kidole changu. Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilimkosa Paluku, kama mtu anavyomkosa mtu. Zaituna alikaa pembeni ya kitanda. Alikuwa amecheka siku tatu mfululizo, sasa alikuwa amemaliza. "Nilikuambiaka hapana kutoa huyu mutu," akasema, lakini kwa sauti ya kunifunika blanketi, kisha akaenda kuwasha mbabula ingawa jioni ile ilikuwa zamu yangu.

Halafu Padri akaniita. Nilijua ni kwa ajili ya yule mama wa katekista na sifa yake, nikamwomba Zaituna anisindikize. Hatukupelekwa sebuleni kwake, tulipelekwa kwenye nyumba ndogo nyuma ya parokia alimokaa mama yake, Mama Odila. Macho yake yalikuwa yamechoka, na mwanawe alikuwa na desturi ya kumsomea kila alasiri kabla ya sala za jioni. Alikaa kwenye kiti cha chini, leso kichwani, miguu imefunikwa kitenge, na kitabu changu kilikuwa kwenye kigoda kati yao. Padri alionekana kama mwanafunzi aliyeitiwa mzazi.

"Kahindo," akasema, "Mama anakataa."

"Sikatae," akasema Mama Odila. "Ninangojea. Nilimuambia, hapana kwenda mbele mupaka nijue mukubwa ya huyu mutoto iko wapi. Akaniambia alikufa mutoto. Nikamuuliza, balimuzika wapi? Mama yake alilia siku ngapi? Padri muzima ananidanganya juu ya kitabu."

"Nilijaribu kuruka ile page," Padri akaniambia kwa sauti ndogo.

"Nilisikia," akasema mama yake.

Zaituna alikohoa ndani ya mtandio wake, na najua kile hakikuwa kikohozi. Padri alipangusa miwani yake muda mrefu kuliko ilivyohitaji. Kisha akaniuliza kama yule Paluku bado ninaye. Nilikuwa naye. Nilikuwa nimemwandika kwa mkono kwenye daftari za shule kabla Zaituna hajamchapa, na daftari zile nilikuwa nazo mkobani siku zote, sikuweza kuziacha nyumbani. "Donc, umurudishe," akasema. Leo sura ile iko mahali pake, na wanaonunua kitabu hawajui kwamba ilianza kurudi kama kijikaratasi tulichokifotokopi na kukibana kwa stepla, Zaituna na mimi, tukikiingiza ndani ya kila nakala huku jenereta ikikohoa. Hawajui pia kwamba Padri alikitangaza tena misa zote, akasema bila kuona haya kwamba kaka wa Kambale amepatikana, na kanisa zima likacheka. Lakini alasiri ile hakukuwa na kijikaratasi, kulikuwa na mwandiko wangu tu, na Mama Odila aliyeniambia, "Soma, mwanangu. Polepole."

Nilisoma. Nilisoma jinsi Kambale alivyomwomba kaka yake waende pamoja misheni, na Paluku akajibu kwamba wakienda wote hakutakuwa na mtu wa kumpokea atakayerudi. Nilisoma jinsi Kambale alivyorudi baada ya miaka na kutaka kujenga kanisa la majani, na watu wa kijiji wakakaa majumbani mwao kumtazama. Paluku peke yake alipanda msituni akakata miti, akaibeba begani, akasimamisha nguzo, akafunga paa, na siku ya misa ya kwanza akakaa nje na mbuzi wake akisikiliza nyimbo. Nilisoma bila kuinua macho, kwa sababu nilijua ninayemsomea: mama wa padri, mwenye rozari shingoni, ambaye angeweza kuuliza swali lilelile aliloniuliza mwanawe. Nilipomaliza, aliliuliza.

"Alibatizwa?"

"Hapana, Mama."

"Hata nyuma?"

"Sikuandika ya baadaye, Mama. Nilimwacha pale nje."

Padri alitazama viatu vyake. Mama Odila alishika kitenge cha magotini akakinyoosha, akakinyoosha tena. "Mukubwa yangu alikuwa vile," akasema. "Alikataka miti ya kanisa yetu, kule mulimani. Yote. Bapadri ba Misheni balimupenda sana. Akabakia inje."

Padri akainua kichwa. "Mukubwa yako gani, Mama?"

"Paluku."

"Mama, hujaniambiaka uko na mukubwa."

"Ulikuwa unasomea upadri," akasema. "Niliogopa utamusikitikia." Hakusema kwa ugomvi. Alimpapasa mwanawe goti, kisha mkono wake ukatafuta wangu juu ya kigoda, ukaukuta, ukaushika. Ulikuwa mkono wa kulima, mgumu, na ulinishika kwa nguvu. "Na wewe, mwanangu," akaniuliza, "ulimujulia wapi?"

Nilimwambia kwamba sikumjua, kwamba nilimtunga tu, jioni, nyuma ya pazia, kichwani mwangu. Nilimwambia mara mbili, na Zaituna akanishuhudia. Mama Odila alitikisa kichwa akitabasamu, kama mtu anayemwachia mtoto uongo wake mdogo. Hakuniamini hata kidogo.